Ndama wa Upande Mmoja

Kivuko cha Garsen siku ya soko kilikuwa hakimjui mkubwa wala mdogo. Mbuzi walipanda kabla ya watu, magunia ya mahindi yaliwakalia wenyewe miguuni, na wavuta kamba waliokuwa wakiivusha feri waliwafokea abiria waliorundikana upande mmoja hata maji yakaanza kuwalowesha nyayo. Katikati ya zogo hilo, mwaka wa hamsini na sita, alisimama kijana wa Kipini aitwaye Swaleh. Alikuwa nadhifu kuliko safari yenyewe: shati jeupe, kikoi cha mistari ya buluu, kofia ya vito imekaa sawasawa kichwani. Kwapani alikuwa amembana ndama wa mbao.

"Kaka," sauti ya kike ikamjia kutoka nyuma, "huyo mbwa yako ni mgonjwa?"

Swaleh akageuka. Alikuwa msichana wa Kiorma, mrefu, nywele zake zimesukwa nyembamba na kung'aa samli, mtandio mwekundu umemteleza mpaka mabegani, shanga za kaharabu shingoni. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ya kuuza, na usoni alikuwa na kicheko alichokuwa akikizuia kwa shida.

"Mbwa yupi, dada?"

"Huyo umebeba."

"Huyu ni ndama."

"Ndama!" Akamzunguka kumtazama vizuri. "Basi mama yake alitishwa na nini akiwa na mimba?"

Abiria waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Swaleh naye akacheka, lakini ilimchoma, maana alikuwa amelala na tezo na randa juma zima kumchonga yule ndama. Alikuwa fundi wa kikundi cha maonyesho kilichozunguka na lori kikicheza mchezo wa kuwahimiza wafugaji wachanje ng'ombe wao dhidi ya sotoka. Wenzake waliigiza, yeye alitengeneza kila kilichoshikwa, kilichovaliwa na kilichoangushwa jukwaani.

"Unaiona sindano ile ndefu kama mtumbwi, pale ukingoni juu ya lori letu?" alisema. "Mkono wangu huo. Na lile zimwi la sotoka, lenye meno ya vibuyu, mkono wangu vilevile. Watoto wa Malindi walikimbia wakaacha viatu."

"Na upande huu mbona haina rangi?" Msichana alikuwa ameinama, anamchungulia ndama ubavu wa pili, uliobaki mbao tupu.

"Upande huo watazamaji hawauoni. Kazi yetu sisi ni ya upande mmoja."

"Basi ng'ombe yako ni nusu."

"Ngoja, bibie. Kabla hatujaondoka Garsen nitatengeneza ndama mpaka ng'ombe wenu wenyewe waje kumlamba."

"Wewe danganya watu tu," akasema msichana, akijitwika kibuyu chake feri ilipogusa ukingo. "Watu ni rahisi."

Alikuwa ameshashuka Swaleh alipokumbuka kuuliza jina. Ilimbidi akimbie na ndama wake kwapani, kofia mkononi, mbele ya soko zima. Jina lilikuwa Barwako.

Tangu siku hiyo Swaleh akawa mtu wa kivukoni. Kijiji cha Barwako, vibanda vya nyasi vilivyoviringwa kama vyungu vilivyopinduliwa, kilikuwa ng'ambo ya mto, na lori la maonyesho lilikuwa limeegeshwa upande wa soko. Mtu mwingine angesubiri siku ya soko. Swaleh alikata debe la mafuta ya taa, akalikunja, akaligonga, akapata pembe mbili za bati za kupazia sauti. Moja akampa Barwako. Asubuhi, kabla feri haijaanza kuvuka, alisimama ukingoni akapiga.

"Barwakooo! Umelala salama?"

Kimya kidogo, kisha sauti ikaja juu ya maji, nyembamba, imejaa bati: "Nani wewe?"

"Mwenye mbwa mgonjwa!"

"Bado hajakufa?"

"Amepona! Anakuulizia wewe!"

"Mwambie nakamua! Mimi si mtu ya kukaa bure kama bwana yake!"

"Nipe neno tamu basi nifungue nalo siku!"

"Sukari iko duka!"

Wavuta kamba walicheka hadi wakaiachia kamba. "Yakhe," mmoja alimwambia, "nyinyi mmeshinda serikali. Simu yao ya pale ofisini haifiki mbali hivi."

Siku za soko walikutana barazani kwa mshonaji, Barwako na kibuyu chake, mgongoni kamfunga mtoto mchanga mwenye macho makubwa. Mara ya kwanza Swaleh alipomwona mtoto, moyo ulimshuka, na Barwako akauona ukishuka.

"Ni Galgalo, mtoto ya dada yangu," alisema. "Dada alikufa kwa kumzaa. Sasa mimi ndio mama."

"Na mimi nitakuwa nani yake?"

"Wewe?" Akamtazama chini mpaka juu, akatabasamu pembe moja ya mdomo. "Wewe kwanza jifunze ndama ina magoti wapi."

Kiangazi kilizidi. Majani yakaisha, na wanaume wa kijiji wakalihamisha kundi kubwa kwenda Kilelengwani kwenye malisho ya mabondeni. Nyumbani kwa Barwako alibaki ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mwekundu, aitwaye Dima, kwa ajili ya mtoto. Barwako akaacha kuuza maziwa, lakini pembe ya asubuhi hakuiacha.

Ikawa kikundi kinakwenda kucheza Tarasaa. Sindano ilishangiliwa, zimwi likakimbiza watoto, lakini ndama wa mbao alipotoka, wafugaji walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alisimama akabweka. Mchezo mzima ulifia hapo, maana ndama huyo ndiye aliyepaswa kuugua, kuchanjwa na kupona, na hakuna wa kumhurumia mbwa wa mbao.

Bwana Omar, mkuu wa kikundi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimkuta Swaleh nyuma ya turubai akikunja kamba.

"Garsen ndiyo ya mwisho kabla ya Ndera," alisema. "Wakubwa watakuja. Wakicheka tena, wewe utabaki papa hapa, na mbwa wako."

Swaleh alirudi Garsen kichwa kimemjaa moshi. Adhuhuri ya siku ya pili alivuka mto kwenda kumwona Barwako, amtulize roho. Kijiji kilikuwa kimezizima kwa jua, wazee wamejinyoosha vibandani, wanawake wamekwenda kuteka maji. Hakuna aliyemlaki. Alipogeuka aondoke, ndipo akamwona ndama.

Alikuwa ametundikwa kwenye ua wa miiba, chini, usawa wa kiuno: ngozi ya ndama mzima, mweupe, mwenye doa jekundu la paji, amejazwa nyasi kavu. Swaleh alimsogelea kama anayeogopa kumwamsha. Akamgusa shingo, akamgusa mbavu. Nyasi zilikuwa zinamtoka kwa chini, miguu imekunjika, lakini alikuwa ndama kuliko ndama yeyote aliyepata kumtengeneza. Nani huku anafanya kazi yangu, alijiuliza, na kwa mchezo gani? Alidhani ni kitu cha kuchezea watoto, kimechakaa, kimesahauliwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini alijua vilevile kwamba kitu kilichotundikwa kina aliyekitundika, na kwamba angengoja kidogo tu Barwako angerudi na mtungi wake, akamuuliza. Hakungoja. Kumuuliza kungekuwa kumwambia, "Nimeshindwa." Akajisemea ataazima tu, ataomba radhi baadaye kwa kicheko, na akaichomoa ngozi kwenye miiba.

Alifanya kazi alasiri nzima. Akaitoa nyasi, akaivisha kiunzi cha mbao, akaweka kamba za kutikisa kichwa na mkia. Macho akampa gololi mbili za kahawia. Upande wa kuelekea watazamaji akaupaka chokaa nyeupe ung'are mbali, doa la paji akalikoleza kwa rangi, kisha vanishi juu. Upande wa pili akauacha kama alivyouacha siku zote. Alipomaliza alirudi nyuma hatua, na machozi yakamlenga kwa furaha.

Asubuhi alipiga pembe, hakujibiwa. Akapiga tena. Feri ya kwanza ilipokuja, Barwako alikuwa ndani yake, mtoto mgongoni, mtandio umefungwa vibaya kama wa mtu aliyeondoka na haraka. Alimvuta Swaleh pembeni, nyuma ya magogo ya kivuko.

"Ngozi ya ndama ya Dima imepotea."

"Ngozi gani?" aliuliza Swaleh.

"Ndama yake alikufa. Baba alichuna, bibi yetu, Bibi Sabdio, akajaza nyasi. Nikikamua naweka karibu ya Dima, yeye analamba, anafikiri mtoto yake yuko, maziwa inashuka. Bila ngozi anapiga teke, anafunga maziwa yote. Tangu jana jioni hakuna kitu." Galgalo mgongoni alilia, kilio kidogo kikavu, akanyamaza. "Mtoto hana mama, Dima hana mtoto. Tuliwakutanisha, Swaleh. Sasa mimi nimewaachanisha."

"Wewe? Umefanya nini wewe?"

"Kazi ya kutundika juu ni yangu. Jana asubuhi nilisikia pembe yako inaita. Nikatundika chini, haraka, nikakimbia mto. Fisi amechukua, ama mbwa. Baba amefukuza mbwa yetu ya zamani kwa fimbo. Bibi amenitoa kukamua, amesema mbele ya wanawake wote mikono yangu iko na mapenzi, haiko na akili. Sasa hata sokoni wananisema." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Ni kosa yangu. Nilitaka kusikia wewe tu."

Swaleh alikuwa ameiweka mikono nyuma. Chokaa ilikuwa bado kwenye kucha.

Ngozi yenyewe ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, ndani ya lori, chini ya turubai. Angesema neno moja tu. Aliliona neno lenyewe limesimama mdomoni. Lakini akamwona pia Bwana Omar, akaona jukwaa la kesho, na zaidi ya yote akaona uso huu uliokuwa ukimlilia ukibadilika na kumlaani.

"Usilie, moyo wangu," alisema. "Huenda ikaonekana."

Hapo ndipo alipoharibu. Kuichukua ngozi bila kujua, mtu angesamehewa siku hiyohiyo, akachekwa, yakaisha. Lakini alimwacha mwanamke aliyempenda abebe mzigo uliokuwa wake, na juu ya mzigo akamwekea tumaini la uongo. Alijua hivyo papo hapo, na kwa sababu alijua, alikimbilia dukani akanunua maziwa ya kopo, akamtia Barwako mikononi kama anayemfukuza.

"Wewe ni mzuri sana kwetu," Barwako alisema.

Neno hilo lilimfuata Swaleh mchana kutwa. Alipokula lilikuwa pale, na aliposwali alasiri alisahau rakaa akaanza upya. Jioni wavuta kamba wakamwambia, bila kujua wanamwambia nini, kwamba mtoto wa yule mpenzi wake ameharisha kwa maziwa ya kopo.

Siku ya maonyesho Garsen yote ilikuwa uwanjani. Waorma kutoka ng'ambo walikaa mbele na fimbo zao mapajani, Wapokomo wa mashambani nyuma yao, na wakubwa kwenye viti. Lori lilifunguliwa ubavu likawa jukwaa. Sindano ikashangiliwa. Zimwi likanguruma. Kisha Swaleh, amejificha nyuma ya turubai, akazivuta kamba, na ndama akatoka.

Hakuna aliyecheka.

Ndama aliinua kichwa, akatikisa mkia, akayumba kama aliyeshikwa na homa, na wazee wa mbele wakapiga ulimi kwa huruma. "Masikini," mama mmoja alisema kwa sauti. Sindano ilipomgusa na ndama akasimama imara, uwanja ulilipuka kwa makofi, na Bwana Omar akampiga Swaleh bega nyuma ya pazia. "Sasa wewe ni fundi!"

Swaleh alikuwa akichungulia kwenye tundu la turubai. Barwako alikuwa safu ya pili, mtoto mapajani. Hakupiga makofi. Alikuwa anatazama paji la ndama, lile doa jekundu ambalo hata chini ya rangi lilikuwa na umbo alilolijua kama ajuavyo kiganja chake. Macho yake yakashuka kwenye ndama, yakafuata kamba mpaka kwenye turubai, yakasimama kwenye tundu. Hakuweza kumwona Swaleh. Swaleh alijiona ameonekana hata hivyo.

Makofi yalipopungua, aliinuka. Alimfunga mtoto mgongoni kwa utulivu, akaja mpaka jukwaani, akaivua pembe ya bati iliyoning'inia begani kwake na kuiweka ukingoni mwa lori, taratibu, isitoe sauti. Kisha akaondoka kwa njia ya kivuko bila kugeuka nyuma.

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine wakapiga makofi tena.

Swaleh alitoka nyuma ya turubai akaanza kumng'oa ndama kwenye ubao wake.

"Wafanya nini?" Bwana Omar alimdaka mkono. "Kesho twaenda Ndera na huyo. Ndama ndiye mchezo!"

"Si wangu, Bwana Omar. Nimemwiba."

"Umlipe mwenyewe, tumalize."

"Halipwi huyu. Kuna mtoto ana njaa."

"Ukiondoka naye, usirudi kwenye lori langu."

"Sawa," alisema Swaleh. Alipolisema aliona kwamba neno hilo lingekuwa jepesi vivyo hivyo jana, kule nyuma ya magogo, na hilo ndilo lililomuuma.

Alivuka na ndama begani, pembe ya Barwako kaifunga kiunoni. Kijijini alimkuta Dadacha, baba yake Barwako, amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake, na Bibi Sabdio ameketi na kibuyu kitupu. Barwako alikuwa ndani ya kibanda, akimbembeleza mtoto kwa wimbo mfupi usiokwisha. Swaleh alitoa salamu, akamweka ndama chini.

"Baba, si fisi," alisema. "Si mbwa wenu, na si Barwako. Ni mimi. Niliichukua uani, na nilipojua ni ya nini, nikanyamaza."

Dadacha aliegemea fimbo yake. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Kwa woga."

"Woga yako imekula maziwa ya mtoto," alisema mzee, wala hakupandisha sauti. Afadhali angepiga.

Wakamleta Dima. Swaleh, masikini, alimgeuzia ule upande wake mzuri, ule uliowatia watu huruma uwanjani. Ng'ombe alinyoosha pua, akafikiwa na harufu ya vanishi, akakoroma na kurudi nyuma akimvuta Dadacha na kamba. Bibi Sabdio alisema maneno makali kwa Kiorma. Sauti ya Barwako ikatoka kibandani, baridi, kama ya karani wa baraza.

"Bibi anauliza, umempaka nini."

"Chokaa. Rangi. Na vanishi."

"Anauliza, mwili mzima?"

Swaleh aliinama. Akamgeuza ndama. Upande wa pili ulikuwa vilevile alivyoutoa kwenye ua: manyoya yamesimama, yamekauka kwa kulambwa, hayajaguswa. Ulikuwa upande ambao watazamaji hawauoni. Uvivu wa kazi yake, ambao Barwako aliucheka kwenye feri, ndio pekee uliobakiza kitu cha kurudisha.

Bibi Sabdio akanusa ngozi ile. Akatoa amri, na Barwako akazitafsiri bila kutoka ndani: atoe mbao, atoe macho, akate sehemu yote iliyopakwa, ajaze nyasi mpya za pale pale zizini. Swaleh alichuchumaa kwenye samadi na kikoi chake cha mistari, akaivunja kwa mikono yake kazi bora aliyopata kuifanya. Gololi zikabiringika mavumbini. Kilichobaki kilikuwa nusu ndama, bapa, kipofu, kimeshonwa kwa kamba. Bibi akakinyunyizia chumvi, akamwekea Dima puani.

Jioni ile Dima hakukubali. Wala asubuhi yake. Swaleh alilala nje ya ua, na kila mtoto alipolia alikaa kitako. Jirani aliwapa maziwa kidogo ya mbuzi ya kumshikiza Galgalo roho. Jioni ya pili Dima alinusa kwa muda mrefu, akatoa ulimi, akalamba chumvi. Akalamba tena, mahali ambapo hapakuwa na chumvi. Akatoa sauti ya chini kutoka tumboni, ile ng'ombe wanayowaitia ndama wao, na Swaleh akageuza uso asionekane. Bibi Sabdio alinyanyuka, akamkabidhi Barwako kibuyu mbele ya wote.

Maziwa yalishuka. Hayakushuka kama zamani, yalifika nusu ya kibuyu, na hata baadaye hayakuzidi hapo. Lakini Galgalo alikunywa, akalala.

Barwako alimkuta Swaleh akifunga vifaa vyake.

"Ngozi imerudi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maonyesho kumsemesha kwa maneno yake mwenyewe.

"Nisamehe, Barwako."

"Ngozi si kitu. Mtu anaweza kukosea ngozi. Lakini mimi nililia mbele yako, na wewe ulijua. Ukaniita moyo wako. Hiyo siku utanirudishia na nini?"

Swaleh alikaza fundo la mwisho la mzigo wake. Kabla ya kuondoka aliitundika pembe ya Barwako kwenye ua, mahali alipoichomoa ngozi, lakini juu, juu kabisa.

Lori lilikwenda Ndera bila yeye. Swaleh akabaki Garsen, akapata kazi ya kubadilisha mbao zilizooza za feri. Kila asubuhi, kabla ya kushika msumeno, alipiga pembe mara moja. "Barwako, mmelala salama?" Hakujibiwa. Wavuta kamba walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka, na baadaye walikuwa wakiinama kufungua kamba kila alipoinua bati mdomoni, wasimtazame. Sokoni bado aliwasikia wanawake wakimsema Barwako, yule wa mikono ya mapenzi aliyepoteza ngozi. Aliwasahihisha wawili watatu. Walimtazama wakidhani anamtetea mpenzi wake.

Mvua zikaja. Mto ukageuka rangi ya chai, majani yakaota, kundi likarudi kutoka Kilelengwani. Na siku moja ya soko, feri ikiwa katikati ya mto, imejaa wanawake, kuku na matikiti, pembe ikalia kutoka ng'ambo.

"Swaleh!"

Swaleh, aliyekuwa akikata mbao kivukoni upande wa soko, aliuweka msumeno akaichukua pembe yake. Barwako alikuwa amesimama ukingoni, mtandio wake mwekundu, mtoto kiunoni, bati mdomoni.

"Naam!"

"Nani alichukua ngozi ya Dima?"

Feri nzima ikageuza vichwa. Swaleh akaelewa anaulizwa nini, na kwa nini anaulizwa leo, mbele ya watu hawa.

"Mimi!"

"Wanawake hawasikii!"

"Mimi! Swaleh wa Kipini! Niliichukua mimi kwenye ua wenu, mchana!"

"Nani alitundika chini?"

"Halikuwa kosa la Barwako! Hata angetundika mbinguni ningeipandia!"

Mtu mmoja akacheka kwenye feri, akanyamazishwa. Barwako alishusha pembe, akaipandisha tena. Ilipokuja, sauti yake ilikuwa ikitetemeka ndani ya bati.

"Na mimi nikilia, nani alikuwa anajua?"

Swaleh aliishika pembe kwa mikono miwili. Hilo ndilo lililokuwa limemwelemea tangu kiangazi, na lilitoka na kila kitu kilicholishikilia.

"Nilijua! Nilijua, nikanyamaza! Nilikuacha ulie!"

Wavuta kamba walikuwa wameacha kuvuta. Feri ilining'inia kwenye kamba yake katikati ya mto, maji yakiisukuma ubavuni, na hakuna aliyelalamika. Ng'ambo, Barwako alimhamisha mtoto kiuno cha pili.

"Basi sikia!" akaita. "Baba anasema lete wazee wako!"

Vigelegele vikapasuka kwenye feri kabla hajamaliza. Akangoja vitulie.

"Na mahari, Swaleh! Ng'ombe iwe ya kweli! Iwe na pande zote mbili!"

Kivuko kizima kikacheka, hata kuku wakashtuka. Swaleh aliketi juu ya magogo, yaleyale magogo, pembe mapajani, akalia mbele ya soko zima, na safari hii hakuificha mikono.